Ngoma Iliyojua Kujibu Tu

Juzi nilipita Soko la Toi kutafuta sweta ya mtoto, nikasikia mtu akigonga mtungi mtupu. Alikuwa muuza maji, anangoja foleni ya bomba isogee, vidole vinajichezea tu. Nikasimama pale kwenye mafungu ya mitumba, sweta mkononi, hadi mwenye meza akaniuliza, "Madam, unachagua ama unalala?" Sikulala, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Lindi ya Kibera, mtoto wa shule ya msingi, susu akiwa kando yangu.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Wangu alitoka Kitui, na kwao kilumi ilikuwa ngoma ya wanawake, mama akimrithisha binti yake. Ngoma yenyewe ni ndefu, mpigaji huibana kati ya magoti. Chumba chetu kilikuwa kidogo hivi kwamba mlango haukufunguka bila kugonga kitanda, lakini ngoma ilikuwa na kona yake, imefunikwa leso, sisi wengine tukajibana. Jumamosi baada ya chakula susu aliitoa nje akaielekeza ngozi kwenye jiko la makaa ipate kukaza. Kazi yangu ilikuwa kupepea jiko, na ole wangu moto uruke. Ile harufu ya ngozi, makaa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, uliobaki kwenye sufuria, bado ninayo puani.

Kilumi ya kwao haikupigwa na mtu mmoja. Ngoma moja iliuliza, nyingine ikajibu. Susu ndiye aliyeuliza. Mjibuji alikuwa dada yake mdogo, aliyepanga Kawangware kwenye ploti ya mzee mmoja mkali asiyevumilia kelele. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kwetu, ngoma imefungwa mgongoni kama mtoto, akiingia anacheka kabla hajasalimu mtu. Kanisani watu walinong'ona sana juu ya wale wawili, eti kilumi ni ngoma ya mapepo. Susu hakujali, Jumapili alikaa kiti cha mbele na kuimba kuwashinda wanaonong'ona.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, na ghasia zilizofuata unazijua. Barabara zikafungwa, Toi ikaungua, na hakuna mtu wa Lindi aliyethubutu kutembea hadi Kawangware. Simu ya dada yake haikupatikana. Jumamosi ilipofika susu alifunua ngoma yake. Jirani yetu, mama aliyetengwa nasi na ukuta wa udongo tu, akagonga: "Shosho, tafadhali, usipige leo. Vijana wakisikia ngoma watadhani ni vita."

Susu akaifunika. Akageuza mtungi wa maji, ambao siku hizo ulikuwa mtupu vilevile, akaanza kuupiga kwa vidole, polepole. Aliuliza. Halafu akatulia, mikono hewani, kwa muda uleule ambao dada yake angejibu. Akauliza tena, akatulia tena. Nilikuwa mtoto, lakini kile kimya kilinichoma. Nikanyoosha mkono nikijaze. Akaushika.

"Wacha," akasema. "Hiyo nafasi iko na mwenyewe."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Hata jirani alizoea, akawa anauliza kupitia ukutani, "Shosho, na ile ingine? Bado?"

"Iko njiani," susu alimjibu.

Mambo yalipotulia tulitembea hadi Kawangware, susu akiwa mbele na mfuko wa muthokoi. Kwenye kile chumba mlango ulikuwa na kufuli ngeni. Yule mzee mwenye ploti alitoka, akatuletea viti yeye mwenyewe, nami nikajua hapo hapo.

"Mama, alishikwa na presha wakati kila kitu kimefungwa. Tulimbeba na mkokoteni, hakufika. Simu yake ilizima, sikujua watu wake wako wapi. Yuko mochari, anawangoja." Kisha akaingia ndani akatoka na ngoma. "Hii nimeiweka kwangu. Hakuna mtu ameiguza."

Susu aliifunga mgongoni kwa leso yake mwenyewe.

Tuliporudi kutoka mazishini Kitui, alipasha ngoma zote mbili moto. Akanisukumia moja. "Njoo ujibu." Magoti yangu hayakuweza kuibana vizuri, na mara ya kwanza nilijibu kabla hajauliza. Hakucheka. Alinifundisha Jumamosi baada ya Jumamosi, akiniahidi, "Ukijua kujibu vizuri, ndio nitakuonyesha kuuliza."

Hatukufika huko. Susu alienda Kitui kupumzika, akapumzika moja kwa moja.

Lindi ya siku zile haipo, hata jirani wa ukutani sijui aliko. Ngoma zote mbili ninazo, nyuma ya sofa. Binti yangu huniomba nimfundishe, nami sijui pa kuanzia, maana nilichoachiwa ni majibu tu.

Pale Toi muuza maji aligonga tena mtungi wake. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya sweta. Nikamngoja aulize. Lakini foleni ilisogea, akainua mtungi, akaenda zake.