Busha Lilitoka, Ngojangoja Ikabaki

Hamjambo nyote mnaonisoma. Mimi ni fundi mwashi wa kijiji kimoja huku Handeni, na yaliyonipata bado yananishangaza mwenyewe ninapoyasimulia.

Zamani nilikuwa mtu wa kupanda baiskeli, vifaa nyuma, naenda kujenga vijiji vya mbali na kurudi jioni naimba. Nimewajengea watu visima vingi vya kuvunia maji ya mvua. Kwangu nilichimba shimo tu uani, nikamwambia mke wangu, Mama Zuhura, "Masika haya huendi tena lambo kuchota maji." Akaniamini. Mganga hajigangi, mnajua wenyewe.

Mwaka uleule korodani yangu ya kulia ikaanza kuvimba. Kwanza kama limau, halafu kama chungwa, mwisho kama papai. Busha. Baiskeli ikanishinda. Suruali nikaacha, nikawa mtu wa kanzu na msuli. Mama Zuhura akisema twende hospitali, nasema baada ya palizi. Palizi ikiisha, Ramadhani. Ramadhani ikiisha, arusi ya shemeji. Akiulizia kisima, namwonyesha busha: "Niiname vipi na mzigo huu?" Anachukua ndoo, anakwenda lambo.

Miaka tisa! Mbuzi wa jirani alitumbukia shimoni mara mbili.

Siku moja nilikuwa Ngombezi, napiga lipu nyumba za vibarua wa mkonge. Ndiyo, za watu niliweza. Homa ikanipanda, meno yakagongana. Ngozi ya busha ilikuwa imechubuka, inatoa usaha, inanuka hadi nikajionea haya. Wenzangu wakanipakia bodaboda, nimekaa upande kama bibi harusi, hadi hospitali mjini Korogwe.

Daktari alikuwa binti, rika la Zuhura wangu.

"Shikamoo mzee. Naomba uvue."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, operesheni hii haifiki hata saa moja."

Nilidhani ananitania. Walitibu usaha kwanza. Siku ya kupasuliwa wakanichoma sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, nikawasikia wanaongea habari za mpira huku wananikata. Yalitoka maji ya kujaza chupa mbili, rangi ya chai. Na kweli, saa moja haikufika. Nililia, wala si kwa maumivu.

Nyumbani Mama Zuhura alinisafisha kidonda kwa maji ya kuchemsha, aliyoyabeba kichwani kutoka lambo. Nikapona. Miezi mitatu ikapita, natembea kama kijana. Kisima? Nikasema tungoje mahindi yavunwe kwanza.

Asubuhi moja akasimama mbele yangu na ndoo mkononi, akaniuliza taratibu:

"Baba Zuhura, kisingizio kimeshakatwa. Sasa umebaki na nini?"

Nilikufa ganzi kuliko siku ya ile sindano. Kumbe miaka yote nilikuwa nainama Ngombezi, nainama kwa kila mtu. Kwangu niliogopa. Kisima cha fundi kikivuja, kijiji kizima kitamcheka, na nani atamwita tena? Shimo tupu halivuji.

Nikashika mwiko palepale. Nilijiwekea sharti moja: mstari mmoja wa mawe kabla ya chai. Siku nyingine niliuchukia huo mstari, nikaupanga kwa hasira. Na mvua ya kwanza kilivuja kweli! Majirani wakanicheka, nami nikacheka nao, nikapiga lipu upya. Hakuna aliyekufa.

Kazi yote ilichukua siku ishirini na tatu. Nilizihesabu tena nikidhani nimekosea.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti daktari, na mke wangu aliyenisema bila kunitukana. Wewe mwenye busha, nenda hospitali, usione haya. Na wewe usiye nalo, ila una kazi yako umeiacha shimo, weka jiwe moja leo. Usingoje moyo ukubali. Wangu haujakubali mpaka leo, nauburuza tu.

Ninaposema weka jiwe leo, sikutanii. Mama Zuhura sasa anachota maji uani, hatua kumi kutoka jikoni. Lakini shingo yake imekakamaa, haigeuki upande wa kushoto, kwa ndoo za miaka ile tisa. Nimempeleka akapimwa. Wamesema hiyo haina operesheni.