Karatasi Aliyoitia Sahihi Kamanthe

Nianze na ubaya wake, maana sifa tupu ni za mazishini. Kamanthe, jirani yangu wa Wamunyu tuliyepiga naye msasa vinyago miaka kumi, ndiye aliyempelekea Mwalimu Onesmus fimbo ya kumchapia bintiye, Mumbua. Mumewe, Muli, aliichonga kwa mpingo; yeye akaipiga msasa ikateleza, eti isimwachie mtoto vibanzi. Tulicheka, wajinga sisi.

Mumbua alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 2004. Kutulia hakuweza. Angeanza hesabu, asikie kuku nje, kumbe ameshasimama. Serikali ilikuwa imepiga fimbo marufuku miaka mitatu nyuma, lakini habari hiyo Onesmus hakutaka kuisikia. Alimchapa mgongoni, miguuni, vidoleni. Siku moja mtoto akakinga kichwa kwa mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika darasa zima likisikia.

Hospitali, ikiona hatulii, ikamtuma yeye na mamake kwenye kituo cha kupima watoto, Machakos mjini. Bi Wacuka, mpimaji wa pale, alikaa na Mumbua asubuhi nzima.

"Mama, huyu si mtundu. Ako na ADHD. Akili iko, ni kutulia ndio hawezi. Wakati wa mtihani apewe chumba yake na nusu saa ya kuongeza, na akitaka kusimama asimame."

Kamanthe akalia palepale. Fomu ya kuombea chumba hicho ilihitaji muhuri wa mwalimu mkuu, Bwana Ndeti, kabla ya Ijumaa. Ndeti, akitaka kumkinga Onesmus na shule yake, akatoa kwanza karatasi nyingine.

"Mama Mumbua, andika ni wewe ulivunja huyo mtoto mkono, huko nyumbani. Halafu nitapiga muhuri."

Bila chumba kile Mumbua angefeli, aje kumeza vumbi la mbao kama sisi. Kamanthe akatia sahihi. Ndeti, mshenzi yule, akaisoma mbele ya mkutano wa wazazi.

Muli alikuwa Mombasa akiuza vinyago. Alirudi Jumamosi kabla ya mtihani, na habari akaipata sokoni. Alimpiga mkewe mbele ya karakana, kwa ngumi, kwa kiatu, kwa mpini wa tezo. Meno mawili yalianguka.

"Umevunja mtoto wangu! Wewe ni mama ama ni fisi?"

Mumbua, aliyeapishwa na mamake asiseme, alipiga mayowe tu mpaka wanaume wakamshika babake. Nilipokuwa nikimwosha Kamanthe damu nikamwambia nakwenda kumweleza Muli ukweli.

"Ukisema, Ndeti atafunga hiyo chumba," akaninong'oneza. "Ngoja Alhamisi."

Nilimchukia Muli, nikamchukia Ndeti, na kwa dakika moja nikamchukia hata yeye kwa uvumilivu wake. Lakini nilinyamaza.

Alhamisi mtihani ukaisha. Mumbua akatoka kwenye stoo waliyomtengea.

"Mama, nimemaliza zote."

Kamanthe akamshika mkono, tukaenda sisi watatu kituo cha polisi, uso wake ungali umevimba. Konstebo akasikiliza jinsi Onesmus alivyovunja mkono ule, akamwita Ndeti, naye Ndeti akaja na ile karatasi, ametabasamu.

"Si hii ni sahihi yako?" konstebo akauliza.

"Ni yangu," akasema Kamanthe. "Hiyo niliandika ndio mtoto afanye mtihani. Sasa amefanya. Leta karatasi ingine."