Kamera Ilionyesha Njia Nyeupe, Tembo Wamesimama

Saa tano na nusu asubuhi, nje kidogo ya Usinge wilayani Kaliua, Apolinaria anasimama mbele ya nguzo ya chuma yenye kamera, amejifunga kitenge cha njano. Anaitazama kamera, kisha simu iliyo mkononi, kisha kamera tena.

"Sijajiona," anasema. "Ngoja kwanza."

Dakika tano zinapita. Simu inalia. Kwenye kioo anatokea mwanamke wa kitenge cha njano, na nyuma yake njia tupu ya mchanga, miyombo huku na huku. Anakagua kwa sauti, kama mtu anayekariri: kitenge cha leo, kivuli cha leo, namba za saa pembeni. Jana alivaa cha bluu. Kesho atavaa kingine, makusudi, ili picha ya jana isije ikajifanya ya leo.

Wapo wanaocheka. Jirani yake Pelagia, anayepita na ndoo, anamtania: "Mama Recheli, leo tena unapigwa za harusi?"

"Labda harusi ya kwako, mwenzangu. Mimi niko kazini."

Lakini Pelagia naye ana mtoto shuleni, na utani wake unaishia hapo. Kabla hajaondoka anasogea, anachungulia simu ili aione ile njia kwa macho yake.

Njia yenyewe ni ya kilomita moja tu, kutoka kitongojini hadi shuleni. Wazee husema wapagazi wa misafara walikanyaga humo wakienda Ujiji. Siku hizi wanaoikanyaga ni watoto, na wakati wa kiangazi tembo, maana njia inakata pembe ya hifadhi ya msitu. Miaka miwili iliyopita mradi mmoja ulisimamisha kamera katikati ya njia. Kila dakika tano inapiga picha na kuituma kwa mtandao wa simu.

Apolinaria, mwenye miaka thelathini na minne na elimu ya darasa la saba, ndiye aliyepewa kuitunza. Alifundishwa kwa siku mbili, na posho yake ni shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Kazi ni hii: anatazama picha, njia ikiwa nyeupe, anagonga ringi la trekta lililoning'inizwa nje ya nyumba yake. Mwalimu Dionis akilisikia kule shuleni, anawaruhusu wadogo waende nyumbani.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Ndiyo maana sisi wazazi tulilala. Tuliacha kuwasindikiza watoto. Tulisema, kuna kamera.

Kisha ikaja Alhamisi ile ya mwezi Septemba.

Asubuhi watoto walikwenda shule salama. Baada ya ile ya saa moja na nusu asubuhi, picha zikakatika. Apolinaria hakushtuka, kwa sababu alishaona mengi. Akatazama bando, lipo. Akatazama kama mtandao unapatikana, unapatikana. Akajua tatizo liko kwenye nguzo. Akabeba ngazi.

"Nilifungua boksi la betri nikakuta sisimizi wamejenga humo," anasema. "Waya mmoja umechomoka. Nikawafagia, nikaurudisha waya, taa ikawaka. Nilifurahi, nakwambia! Nikasema, mimi nami fundi."

Kamera ilipowaka ilimuuliza saa, kwa kuwa ilipokosa umeme ilisahau. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Apolinaria akaandika kama mtu yeyote wa Usinge angeandika: tatu, mbili, sifuri. Akarudi nyumbani. Simu ikaanza kulia kila dakika tano, picha zinaingia, naye akaendelea na mahindi yake.

Saa sita mchana akafungua simu. Njia nyeupe kabisa. Akagonga ringi.

Mwalimu Dionis akawaachia watoto arobaini na mmoja wa darasa la kwanza na la pili. Miongoni mwao alikuwemo Recheli, binti wa Apolinaria, mwenye miaka saba.

Apolinaria ana mazoea, kama ambayo mama yeyote angekuwa nayo: akishagonga, hukaa na simu kumngoja mwanawe apite kwenye picha. Siku hiyo alingoja. Simu ikalia, alipotazama, njia tupu. Ikalia tena, njia tupu ile ile. Mtoto hakuna, vumbi hakuna.

"Ndipo nikaona vivuli," anasema, na sauti inashuka. "Kwenye picha miti ina vivuli virefu, vimelala njiani. Nikatazama chini, kivuli changu kiko miguuni. Nikajiuliza, hii saa sita gani yenye vivuli vya asubuhi?"

Akashusha kidole, akaipandisha orodha ya picha juu. Chini ya ile picha tupu zilikuwepo nyingine nyingi ambazo hakuwahi kuziona. Ya kwanza aliyoifungua ilikuwa imejaa rangi ya kijivu. Tembo watano, mmoja mdogo, wamesimama njiani hatua chache kutoka kwenye nguzo, vivuli vyao viko miguuni kama changu, anasema. Pembeni kumeandikwa 06:00.

Yeye yuko kitongojini. Watoto wanatoka shuleni. Tembo wako katikati.

Akampigia mwalimu. Mwalimu Dionis anakumbuka maneno mawili tu: "Warudishe! Warudishe!" Alitoka mbio na filimbi, na watoto walioisikia wakageuka. Akawahesabu chini ya ukuta wa darasa, akarudia kuwahesabu. Thelathini na tisa.

Hawakuwepo Recheli na rafiki yake Zuwena. Walikuwa wametangulia.

Huo muda Apolinaria hausimulii vizuri. Anaanza, anaacha. Anasema alikimbia hadi kwenye kona, akamwona tembo jike amesimama anapepea masikio, akashindwa kupita na akashindwa kurudi. Anasema alitaka kupiga kelele akaogopa kuwachokoza. Anasema alikaa chini kwenye mchanga. Alikaa hapo karibu dakika arobaini, hadi tembo wakavuka taratibu na kuingia msituni upande wa pili.

Watoto wawili walitoka nyuma ya kichuguu. Recheli alikuwa bado amemziba Zuwena mdomo kwa kiganja. Wote wawili walikuwa wamejikojolea.

Apolinaria akawakumbatia wote wawili. Recheli hakulia. Alimtazama mama yake akauliza: "Mama, si uligonga?"

Apolinaria akawashika mikono, akawapeleka nyumbani.

Jioni ile alimpigia Eustace, fundi wa kamera na simu aliyeko Tabora mjini.

"Picha zilikuwa hazitumwi kwa wakati," akamwambia.

"Zilikuwa zinatumwa, dada. Huku naziona zote. Ulipowasha uliandika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini. Kwani?"

"Dada yangu, kamera haihesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Ukiandika tatu, kwake ni usiku, watu wamelala. Ulitakiwa kuandika tisa. Sasa simu inakuwekea juu picha yenye saa kubwa. Ile ya saa moja na nusu asubuhi, kamera iliiandika saba na nusu. Zote zilizokuja baadaye ziliandikwa tatu, nne, tano, zikakaa chini yake."

"Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa naangalia ya asubuhi?"

"Hadi saa saba na nusu mchana, ndiyo."

Eustace alimwambia pia kwamba wengi hukosea hivyo. Apolinaria anasema neno hilo halikumfariji, lilimwongezea hofu. Ina maana ziko kamera nyingine, na akina mama wengine wanaoziamini.

Mzazi unayesoma haya, kama watoto wako wanapita kwa ruhusa ya kamera, nenda ukaulize leo. Simu kulia hakumaanishi kwamba picha ni ya sasa. Uliza imepigwa saa ngapi, na nani aliiandika hiyo saa.

Apolinaria alitaka kuacha kazi. Kikao cha kitongoji kikamkatalia, maana hakuna mwingine anayejua hata kufungua lile boksi. Sasa ameomba mradi ubadilishe kamera, iletwe inayochukua saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Ameahidiwa. Ameomba pia mtu wa pili awe anaikagua picha pamoja naye, na Pelagia amekubali kuanza Jumatatu.

Recheli amerudi shule, ila hapiti njia ile bila kuuliza. Kila siku, begi likiwa mgongoni, anauliza: "Mama, picha ya saa ngapi?" Asipoonyeshwa namba, haondoki.

Majirani humwambia Apolinaria ampeleke mtoto akaombewe, atoke kwenye woga. Yeye anakataa.

"Mwacheni aniulize," anasema. "Naomba aniulize hivyo hivyo hadi awe mkubwa. Siku atakayoacha kuniuliza, hiyo ndiyo nitakayoiogopa."