Mpira wa Baiskeli Niliodhani ni Uchafu

Jamani, kumbe mharibifu wa turbo ni mie!

Tangu Jumapili gari la Baba, lile la spoti alilonunua miaka ya tisini, halivuti. Ukikanyaga mafuta linapiga "fyuuu" tu, bajaji zinatupita!

Fundi akasema turbo, ile pampu ya hewa inayoipa injini nguvu, imekufa, tuagize nyingine.

Leo Baba kafungua boneti, kachungulia, kanigeukia.

"Ule mpira wa baiskeli uko wapi?"

Jumapili niliosha injini, nikaukuta umezungushiwa bomba, nikaukata, nikautupa. Mie nikajua uchafu!

Kumbe ndio ulioziba ufa wa bomba la hewa ya turbo.

Kafunga mwingine. Tumepanda kilima cha Goba, gari linaruka!

"Bomba hilo nalifunga hivi tangu hujazaliwa," kasema. "Kuanzia leo wewe utaosha matairi tu."