Sanduku la Umeme Nililolipeleka Opala

Mke wangu alipopata kazi ya ukunga ya mwaka mmoja katika kituo cha afya cha kijiji kimoja upande wa Opala, nilibaki peke yangu katika nyumba yetu hapa Kisangani. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Mimi nilikuwa nafundisha fizikia, na ajira yangu ilinifunga mjini. Alipanda balenieri, ule mtumbwi mkubwa wa injini, ikashuka naye hadi Isangi kisha ikaupanda mto Lomami. Jioni ile nilipika lituma, ndizi za kupondwa, ya watu wawili bila kufikiri. Nilikula yangu, nikabaki nikiitazama ile nyingine.

Kule kijijini simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Kila Jumapili baada ya misa alipanda pale akanipigia. Jumapili moja nilisikia amechoka.

"Papa, ile mashine ya kusikiliza moyo ya mutoto ndani ya tumbo inakula batri sana," alisema. "Batri za huku zinakufa mbio. Juzi mama mumoja alifika, uchungu umemushika, mashine ikazimika. Nikaweka sikio tu."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko bien. Lakini niliogopa."

"Si muko na paneli ya jua?"

"Iko, lakini inasaidia wakati jua iko. Batoto banazaliwa hata wakati wa mvua."

Mashine ile ilitaka volti tatu, simu volti tano, taa ya chumba cha kujifungulia volti kumi na mbili. Niliona kwamba anahitaji sanduku moja la kubebeka: batri za kuchajiwa ndani, na kitufe cha kuzungusha ili achague volti anazotaka.

Nilikwenda sokoni kwa muuzaji mmoja wa kutoka Maniema aliyekuwa na batri za zamani za kompyuta. Ukizipasua, ndani utakuta batri ndogo za duara, na mara nyingi ni chache tu zilizokufa.

"Grand, zote ziko nzuri," aliniambia.

"Bon, nipime?"

"Pima. Lakini ukikuta mbaya, usiseme kwa sauti."

Nilichukua zile zilizopima vizuri. Kwake pia nilipata kifaa kidogo cha kupandisha na kushusha volti, pamoja na kioo cha kuonyesha tarakimu. Fundi seremala jirani alinitengenezea sanduku la mbao lenye mpini. Kila siku nikitoka shule nilikaa mezani, nikilehemu waya baada ya waya. Redio niliiacha imezimwa. Nilikuwa naongea na mke wangu kimoyomoyo, nikimweleza kwa nini waya huu uko hapa na kwa nini nimeweka fyuzi pale.

Siku ya kujaribu, mkono wa shati langu uligusa kitufe na tarakimu zikaruka kutoka tatu hadi tisa. Kama mashine yake ingekuwa imeunganishwa, ingeungua. Nilifungua tena, nikakizamisha kitufe ndani ya mbao, ili kizungushwe kwa bisibisi tu. Sasa nilihitaji rangi ya kuweka alama za volti. Nikakumbuka kichupa cha rangi ya kucha alichokiacha dirishani. Nilipokifungua, harufu yake ilijaa chumba. Nikaona vidole vyake alivyokuwa akivipuliza vikauke huku akinicheka. Kazi haikuendelea tena siku ile.

Alama nilizichora kesho yake. Sanduku nikamkabidhi mama mmoja mfanyabiashara wa sabuni aliyekuwa anarudi Opala, nikasubiri.

Jumapili moja simu ikalia.

"Papa, usikate. Sikiliza."

Nilisikia upepo, kisha mlio wa haraka, kama mtu anayekimbia pekupeku kwenye udongo laini.

"Ni nini?"

"Moyo ya mutoto! Mama yake iko hapa na mimi, yeye mwenyewe alitaka usikie. Tumebeba sanduku mpaka huku."

Mwanamke mwingine alicheka karibu na simu, na mimi nikacheka, macho yakinilowa. Kisha mke wangu akarudi kwenye simu.

"Docteur wa zone ya afya anasema nibaki mwaka mwingine. Anasema sasa kazi inaweza kutembea. Unasema nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kupaka rangi chumba chetu kwa ajili ya kurudi kwake.

"Baki, mama," nilisema.

Likizo ilipoanza nilipanda balenieri. Nilifika kijijini kwake mchana, nikiwa na uchovu na njaa. Mbele ya kituo mama mmoja alikuwa anafagia.

"Usimuamushe," alisema. "Bamama babili banazaa leo."

Mke wangu alikuwa amelala kwenye benchi ya ukumbi, viatu vingali miguuni. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia. Nilimvua viatu taratibu, nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Tangu Kisangani nilikuwa nimebeba maneno mengi. Pale nilisikiliza tu jinsi anavyopumua.

Alipofumbua macho hakushtuka. Aliweka mkono kwenye nywele zangu.

"Umefika wakati gani?"

"Sasa hivi," nilimwambia, ingawa kivuli cha paa kilikuwa kimeshavuka ua wote.