Namba ya Baba Mdogo

Jina la Mama Nywila, mama wa maneno ya siri ya mtandaoni, alipewa na wanafunzi, naye alilichukia kama alivyochukia kila kitu katika juma la kupokea wapya. Juma hilo chumba cha huduma za mtandao, chenye meza tatu na feni moja inayolalamika kuliko inavyozunguka, hujaa watoto wa watu wanaotiririka jasho, kila mmoja na swali lilelile mdomoni: mama, mtandao unanikataa. Mtandao haumkatai mtu. Wanaomkataa mtu ni watu, na wengi wao walikuwa ghorofa ya juu, kwenye kiyoyozi.

Yeye ndiye aliyevuta nyaya za jengo lile enzi za ujana wake, ngazi begani, vumbi la dari kichwani. Sasa ana goti bovu, mto wa kiti alioushona mwenyewe, na kazi ya kuwafungulia wapya akaunti. Bila akaunti hakuna waifai, hakuna ratiba, hakuna kitanda bwenini. Mwaka huu wakubwa waliongeza jingine: asiyethibitisha nafasi yake kwenye mfumo kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Na ili uingie uthibitishe, mfumo unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu uliyoandika siku ya kuomba chuo. Simu hiyo ni ya nani, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, alifika dirishani binti mmoja mrefu, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema upesi, foleni unaiona."

"Namba inakwenda kwa baba mdogo. Nyumbani simu ni moja, ya kwake."

"Si umpigie akusomee?"

"Nimempigia kwa simu ya mwenzangu. Anasema kila ikiingia anaifuta."

Mama Nywila akavua miwani. Akavuta simu ya mezani, akampigia mwenyewe.

"Naifuta, ndiyo," mwanamume akajibu, bila hata kuona haya. "Huyo nimemlea mimi tangu kaka afariki. Akikaa huko miaka yote hiyo, dukani nani atanisaidia? Arudi nyumbani, mwakani tutazungumza."

"Mwakani nafasi itakuwa ya mtu mwingine, mzee."

"Basi haikuwa riziki yake." Akakata.

Riziki! Mtu anaishika riziki ya mwenzake kwa kidole gumba, anaifuta, kisha anamsingizia Mungu. Mama Nywila alipandwa na mori. Akapanda ngazi na goti lake hilohilo hadi kwa mkuu wa kitengo, akamkuta anatafuna biskuti.

"Kubadilisha namba kunahitaji idhini ya mwenye namba," mkuu akasema. "Ni usalama wa taarifa."

"Mwenye namba ndiye anayemwibia, mkubwa."

"Basi alete barua ya mlezi."

"Mlezi ndiye huyohuyo!"

"Usinipandishie sauti. Utaratibu ni utaratibu. Aje Jumatatu, tutaona."

Jumatatu! "Mwaka jana nilikwambia," Mama Nywila akasema, na kweli sauti ilikuwa imepanda. "Mwaka juzi nilikwambia. Mpini mmempa mtu yeyote aliyetokea kuwa na simu, mtoto wa watu kashika makali, halafu unanihubiria usalama. Usalama wa nani?"

Mkuu akaangalia kompyuta yake kama mtu aliyekumbuka kazi. Mama Nywila akashuka, akamkuta binti analia.

"Usinililie hapa. Machozi hayafungui akaunti. Niambie, hiyo simu haimtoki mkononi?"

Binti akasita. "Mchana huwa analala. Simu anamwachia mama mdogo pale dukani, kwa ajili ya wateja wanaoagiza."

"Na muda wote huu umenyamaza!"

"Akigundua atampiga, mama."

Mama Nywila alikuwa na neno kali tayari, akalimeza. Hasira haikuondoka, ilishuka tu chini zaidi, mahali ambapo kelele hazifiki. "Hilo si langu wala lako kuamua," akasema. "Ni lake. Tumuulize."

Akapiga tena namba ileile. Alipokea mwanamke, sauti ya chini. Binti akaushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili.

"Mama mdogo, ni mimi. Amelala?"

"Anakoroma."

Binti akamweleza yote. Mwisho akasema, "Ukiogopa, mama mdogo, acha. Sitakulaumu."

Kwa mbali mteja alisikika akiomba sabuni. Kisha mwanamke akasema, "Tumeni."

Mama Nywila akabofya.

"Tisa. Mbili. Mbili tena. Sifuri... We ngoja, sabuni haikimbii! Saba. Nne."

Mfumo ukafunguka. Binti akabofya palipoandikwa thibitisha, akapiga yowe dogo.

"Imekubali, mama mdogo!"

"Basi namba naifuta, na kumbukumbu ya simu yako hii pia naifuta. Usipige tena hapa, mwanangu. Kasome."

Ilibaki kuiondoa namba ya baba mdogo. Aliye ndani ya akaunti anaibadilisha mwenyewe bila idhini ya mtu; anayeombwa idhini ni yule aliyefungiwa nje. Hiyo ndiyo akili ya ghorofani.

"Niwekee ya kwako, mama," binti akasema. "Wewe nakuamini."

"Hata siku moja! Ya kwangu hapana, ya rafiki hapana, ya mchumba ndiyo kabisa hapana!" Akavuta mtoto wa meza, akamtolea simu yake ya zamani ya vitufe. "Kitambulisho unacho. Wauza laini wako getini, juma hili wanazigawa bure. Sajili kwa jina lako, urudi mbio."

Alirudi anahema. Alikuwa bado anaandika namba yake mpya, ya kwanza maishani, simu ya mezani ilipolia.

"Nimeamka, naona namba haijaingia tena," baba mdogo akasema. Alikuwa anacheka. "Vipi, mmeshindwa?"

Maneno yalimjaa Mama Nywila kinywani, mazuri, makali, ameyaweka akiba tangu mchana. Lakini akimwambia kwamba binti ameingia, atajua mara moja nani alikuwa dukani na simu.

"Tumeshindwa, mzee," akasema.

"Nilijua. Mwambie apande gari la kesho."

"Nitamwambia."

Akaurudisha mkono wa simu mahali pake taratibu.

"Anayefuata!" akafoka, foleni nzima ikaruka. Akasogea msichana mnene, hana kosa lolote, amekumbatia bahasha yake.

"Shikamoo, mama. Mtandao una..."

"Marahaba. Kabla hujasema lolote: simu uliyoandika ni ya nani?"