Pambizo Nililolikata

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi ya kushona vitabu, mwanangu, lilikuwa kukata kitu ambacho sikuwa nimekisoma. Nalitaja mapema ili usije ukadhani anayekuandikia haya alizaliwa na mikono iliyotulia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Maduka ya Mbinga yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipandisha malori yao milimani. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nikiishi kwa kurekebisha vitabu vya shule, misale za akina mama, vile vitabu vya sala za misa, na vitabu vya nyimbo vilivyoachana na mgongo. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua kitabu kimoja cha zamani, nikatazama kilivyoshonwa, nikakishona na kukifumua mara saba hadi kikakaa. Nilijivunia hilo kupita kiasi. Tena nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikiona ukingo wa karatasi umepinda, situlii. Nilipima kwa rula, nikapima tena, na bado niliogopa kwamba mtu atanicheka.

Basi parokia ikanikabidhi kitabu cha ubatizo, kikubwa, cha tangu enzi za babu zetu. Mgongo ulikuwa umeachia na kingo zimechakaa kama pindo la khanga kuukuu. Mwalimu Gaspari, katekista wetu, aliniambia neno moja tu: "Fundi, humu ndimo tulimo sote." Nikaitikia, nikidhani ananitania.

Kukishona nilikishona vizuri, hilo silikatai. Lakini zile kingo ziliniumiza macho. Nikakibana kitabu kati ya mbao mbili, nikachukua kisu kikali, nikakata pembeni upana wa vidole viwili, kurasa zote, zikawa sawa kama tofali. Vipande nilivyovikata nikavibandika ndani ya mgongo wa jalada jipya ili uwe mgumu, kwa gundi kali ya dukani. Nilikuwa nimeona wino pembeni, mwanangu, lakini kwa hamu ya kusawazisha sikuinama kuusoma. Baada ya misa watu walikipapasa kitabu kile wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Sikujua jambo ambalo bibi yangu angeweza kunieleza akiwa anamenya viazi: mtu aliyebatizwa akifunga ndoa, padre huiandika ndoa hiyo pembeni mwa jina lake, pale kwenye pambizo.

Miezi ikapita. Akaja ofisi ya parokia Mama Batilda, mjane, pamoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Zamani, kahawa ilipokuwa haina bei, shamba lile hakuna aliyelitazama. Sasa malori yanafika mlangoni, shemeji akakumbuka kwamba kaka yake hakuwahi kuoa kanisani, mwanamke alikuja akakaa tu. Wazee wa ukoo wakaamua: akileta uthibitisho wa ndoa, shamba libaki kwake na watoto wake, asipouleta, arudi kwao. Walikuwa wamefungia ndoa kigango cha ufukweni, kanisa dogo la tawi, na kitabu cha ndoa cha kule kilioza mwaka maji ya ziwa yalipopanda. Lililobaki lilikuwa pambizo.

Nilikuwepo nikirekebisha misale. Mwalimu Gaspari akafungua ukurasa, akapitisha kidole chini ya jina la Mama Batilda hadi ukingoni. Zilibaki herufi mbili tu, "Nd". Akatafuta jina la marehemu. Kule haikubaki hata herufi moja.

"Pamekatwa," alisema.

Shemeji akacheka. "Pamekatwa, au hapakuandikwa? Shemeji, hata kitabu kimekukana!"

Mwalimu Gaspari akanigeukia. "Fundi, kilikufikia hivi?"

Nikasema, "Kilinifikia hivyo hivyo, Mwalimu. Nadhani ni panya."

Panya, mwanangu! Panya gani anayekata mstari ulionyooka kama wa rula? Mama Batilda aliinuka. Alikaza khanga kiunoni, akatoka. Hadi leo, nikikumbuka mgongo wake ukipita pale mlangoni, uso unaniwaka.

Asubuhi iliyofuata nilidandia lori la kwenda Mbamba Bay. Huko aliishi Mzee Otmari, aliyeshona vitabu vya misheni miaka mingi kabla hajastaafu. Nilikuwa nimesikia habari zake muda mrefu, ila sikuwahi kumwendea kwa kuogopa asije akaiona kazi yangu. Nilimkuta akigeuza usipa kwenye kichanja, wale samaki wadogo wa ziwani, wakauke upande wa pili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayejifundisha mwenyewe? Darasa gumu hilo, mwalimu na mwanafunzi wote hawajui."

Nikamzunguka kwa maneno. Nikamuuliza gundi kali hubanduliwaje kwenye karatasi, kana kwamba nauliza kwa udadisi tu. Naye akauliza karatasi gani, za kitabu gani, zimefikaje ndani ya mgongo, hadi yote yakatoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Mzee."

"Kwa hiyo umekuja tufiche wawili." Akafuta mikono. "Mficha uchi hazai. Anza kwa huyo mama. Ukishamwambia, mimi nitapanda huko kwenu. Usipomwambia, usinitafute tena."

Nilimkuta Mama Batilda shambani akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji mlimani. Nikasema nikiwa nimesimama ukingoni mwa shimo, macho chini. Alisikiliza akiegemea jembe.

"Kumbe panya ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Mbona mkubwa hivyo." Hakucheka. "Nimeitwa hawara mbele ya wanangu, ili kitabu chako kipendeze. Twende. Utayasema hayo kwa Mwalimu, na shemeji yangu akiwa anasikia."

Nikayasema. Hakuna aliyenisaidia kuyamalizia.

Mzee Otmari alipanda kama alivyoahidi. Siku mbili tulifanya kazi kwa mvuke, kitambaa chenye unyevu na kisu butu. Vipande vingi vilichanika, kwa maana gundi ile ilikuwa imeingia hadi moyoni mwa karatasi. Akanionyesha gundi yake, uji wa unga wa muhogo. "Hii maji huilainisha ikaachia," alisema. "Fundi hukosea, kwa hiyo hutumia gundi inayosamehe. Hiyo yako haisamehe."

Siku ya pili jioni kikatoka kipande kimoja kizima: jina la mume, tarehe, kigango, sahihi ya padre. Tukakisogeza kwenye ukurasa, na "Nd" ikapata mwenzake, ikasomeka "Ndoa". Mama Batilda alikisoma polepole kwa sauti, halafu akakisoma tena. Wazee wa ukoo walipokiona, shamba likabaki kwake.

Lakini usidhani yaliishia hapo. Vipande vya wengine, pamoja na cha marehemu mumewe, havikupona. Miaka hii yote watu hufika na kukuta pengo pembeni mwa majina yao, na huitwa mimi niwaeleze. Wapo wanaonisamehe. Wapo wanaoondoka bila kuaga, nami siwalaumu.

Mwanangu, nakusihi haya. Chunguza kama unachokiita upendo wa kazi safi si woga wa kuchekwa tu. Kwangu mimi vilifanana hadi nikamdhulumu mjane. Kilichochakaa kisome kabla hujakigusa, kwani uchakavu mwingine ni alama za mikono ya waliokihitaji. Mwendee ajuaye ungali hujaharibu, hata akikucheka. Na ukikosa, mwambie uliyemkosea kabla ya kumtafuta wa kukutengenezea.

Mungu akupe jicho la kusoma na mkono usio na pupa. Akupe watu wa kukukemea mapema, na akujalie masikio ya kuwasikia.

Mimi sasa, kitabu kikiletwa, siku ya kwanza nakisoma tu, ukurasa kwa ukurasa, hadi pembeni. Kingo zilizopinda naziacha zilivyo.